Maji ya ukuta wa Daktari Moza

“Unaninyima chaki, Daktari! Chaki tu, kitu cha kufutwa kwa kiganja!”

“Shikamoo, Bi Fauzia.”

“Shikamoo yako kaa nayo. Niandikie.”

“Siandiki.”

“Kwa hiyo mtoto afe?”

Ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumatatu, katika mtaa wa nyuma ya soko la Kilwa Masoko, na ugomvi huu umeshaamsha nyumba nne. Bi Fauzia, mwenye miaka 61, amesimama kwenye mlango wa ua wa jirani yake. Mjukuu wake, Mfaume, yuko mgongoni, amefungwa kwa kanga. Ana miaka minne na miguu inaning’inia, si wa kubebwa tena, lakini leo hana nguvu ya kutembea. Macho yake mekundu yanamtazama kila mtu bila kumwona.

Ndani ya ua yuko Moza Likwata, 52, kanga moja kiunoni, moja kichwani, kipande cha chaki mkononi. Nyuma yake kuna ukuta wa jiko uliopakwa weusi. Ukuta hauna kitu. Umesafishwa ukasafishika, na hapo ndipo penye kesi yote.

“Ile ya kwanza ilimponya,” anasema Bi Fauzia. “Siku ya pili mtoto kaamka, kaomba uji. Nani hajui hapa mtaani?”

“Mimi sijui,” anadakia Veronika, muuza vitumbua wa nyumba ya tatu, ambaye amefika na kijiti chake cha kugeuzia mkononi, maana ugomvi ukianza yeye hawezi kukaa na moto. “Mimi najua ulimpa na vidonge vya malaria. Siku moja ukampa, homa iliposhuka ukavifunga kwenye kanga, ukasema vitafaa siku nyingine.”

“Wewe kageuze vitumbua vyako.”

“Vinageuka vyenyewe. Endeleeni.”

Mtaani wanamwita Daktari, na balaa lote lilianzia kwenye jina hilo. Moza ana shahada ya uzamivu ya hisabati. Alifundisha chuo kikuu miaka kumi na tisa, na kazi yake hasa ni utafiti. Lakini kwa pwani hii mtafiti ni mtu wa gesi mwenye kofia ngumu, na daktari ni mtu wa sindano. Wiki ya kwanza aliyohamia hapa, miaka mitatu iliyopita, alipokea wageni watatu: mmoja ana jino, mwingine mgongo, wa tatu kijana aliyetaka wazungumze faragha.

“Niliwaambia mimi ni daktari wa hesabu,” anasimulia. “Mmoja akaniuliza, kwani hesabu nazo huumwa? Nilicheka siku nzima. Siku hizi sicheki. Zangu zinaumwa kweli.”

Alirudi Kilwa kwa ajili ya mama yake, Bi Salima, aliyepigwa na kiharusi akabaki na mkono mmoja na maneno matatu: “Moza”, “maji” na “karibu”. Chuo kilimpa Moza likizo bila malipo ya mwaka mmoja. Mwaka ulipoisha akaomba mwingine, na baada ya hapo barua zikaacha kuja. Kaka zake wako Dar es Salaam. Wanapiga simu kila Jumapili na kumwambia ajitahidi.

Kwa hiyo anajitahidi. Asubuhi anamwogesha mama, anamlisha, anamgeuza asipate vidonda. Kuanzia saa nne, mama akilala, ni zamu ya ukuta.

Ukuta huo aliupaka mwenyewe: masizi, utomvu, na unga mweusi wa betri kuukuu za redio, kama walimu wa shule za vijijini wanavyotengeneza ubao. Anaandika hapo wiki nzima, anafuta, anaandika upya, na Ijumaa baada ya sala ananakili kwenye daftari kile kilichosalimika. Ndivyo alivyofanya kazi maisha yake yote. Karatasi, anasema, inamfanya aogope kukosea.

Na anachoandika ni miraba: vyumba tisa kwa tisa, kila chumba na tarakimu yake.

Sasa, mtu yeyote aliyekulia pwani hii amewahi kuona walau mara moja hirizi iliyochanika. Ndani kuna karatasi iliyokunjwa, kwenye karatasi kuna mraba, kwenye mraba kuna vyumba, na kwenye vyumba kuna tarakimu. Na kombe kila nyumba inalijua: maandishi yanaoshwa kwa maji, maji anakunywa mgonjwa. Weka pamoja mwanamke anayeitwa Daktari, anayenyamaza mbele ya ukuta kutwa nzima, anayeandika miraba kisha kuitazama kana kwamba itamjibu. Bi Fauzia hakuwa na haja ya kuelezwa.

Jumatano ya wiki juzi Moza alimpeleka mama yake Lindi kupimwa, akamwachia Bi Fauzia ufunguo amlishie kuku. Usiku huo Mfaume alishikwa na homa. Alfajiri, Bi Fauzia alifungua ua wa jirani, akatia bismillahi, akauosha ukuta kutoka juu mpaka chini kwa kitambaa safi, akakinga maji kwenye bakuli. Mtoto akanywa.

Moza aliporudi Ijumaa, daftari mkononi, alikuta ukuta unang’aa.

“Nilidhani nimeingia ua wa mtu,” anasema.

Kilichokuwa pale kilikuwa kazi ya siku tano, na nyuma ya siku tano kuna miaka kumi na moja.

Jarida moja la hisabati la ng’ambo limekuwa likiupitia uthibitisho wake, kurasa 64. Mwaka jana wapitiaji walimrudishia na sentensi moja iliyompa homa: kwenye ukurasa wa 41 kuna hatua isiyofuata kutoka hatua iliyotangulia. Shimo. Azibe shimo hilo kabla ya mwisho wa mwezi huu, au kazi irudi nyumbani. Na amesikia kwamba kuna vijana wawili Ulaya wanakaribia kufika pale pale kwa njia nyingine.

Jumanne, siku moja kabla ya safari ya Lindi, aliona namna ya kuliziba. Alisimama mbele ya mraba mmoja, akaacha vyumba fulani tupu, na katika vile vyumba vitupu akaona kitu.

“Nilikiona kama ninavyokuona wewe. Nikasema nitakinakili Ijumaa.”

Watu wanamuuliza kwa nini hakupiga picha. Simu yake ya kupangusa ilikufa tangu Ramadhani, na aliyonayo ni kitochi, kisicho na kamera.

Tangu siku hiyo amejaribu kuuandika upya mraba ule kila siku, na kila siku anafuta. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya yeye kusema “siandiki” asubuhi hii ya Jumatatu. Jirani yake anadai kitu kile kile anachokitafuta yeye usiku na mchana, na hawezi kumpa kwa sababu hana.

Sababu ya pili anaisema sasa, kwa sauti ya chini.

“Bi Fauzia, ule weusi wa ukutani ni betri.”

“Betri gani?”

“Za redio. Nilizivunja nikachanganya. Ulimpa mtoto maji ya betri. Sikukwambia siku ile kwa sababu nilikuwa na hasira, na alikuwa amepona. Nimekosa. Mpeleke hospitali.”

Veronika anashusha kijiti. Bi Fauzia anakaza fundo la kanga kifuani. Kisha anageuka, na kwa mwendo wa mtu anayeogopa kukimbia anaelekea barabarani. Ni Moza anayemwahi kwa kusimamisha bajaji, na ni Veronika anayebaki kumwangalia Bi Salima, huku vitumbua vyake vikiungulia kule.

Moza alizaliwa Mitole, kwenye nyumba ya wakulima wa korosho na ufuta. Akiwa na miaka minane alipelekwa kuamia shamba la mahindi lisiliwe na nyani. Kwa kukosa la kufanya alipanga korosho chini kwa mistari, kubwa, ndogo, iliyotoboka, akajiwekea sharti kwamba kila mstari, wa kulala na wa kusimama, uwe na kila aina mara moja tu. Nyani walikuja, wakala, wakaondoka. Hakuwaona.

“Nilichapwa fimbo za kutosha,” anasema. “Lakini nilikuwa nimepata.”

Alifaulu kwenda sekondari, peke yake kutoka shule yao mwaka huo. Chuo kikuu walikuwa wasichana watatu katika darasa la hisabati, na mwaka wa tatu akabaki yeye. Akaenda Uswidi kwa uzamivu, akakaa kwenye baridi miaka minne, akarudi na koti moja ambalo sasa ni mto wa mama yake. Ameandika makala kumi na moja. Ile iliyotajwa sana na wenzake ilitoka na jina la mkubwa wake mbele na lake nyuma, ingawa, anasema, mkubwa huyo aliisoma mara moja tu, kuangalia tahajia.

Aliolewa na mwalimu mwenzake aitwaye Amiri. Walikaa miaka sita.

“Hakuwa mtu mbaya,” anasema Moza. “Siku moja alikuja mezani akasema, ‘Leo nimezungumza nawe mara kumi na nne, nimehesabu. Umenijibu mara mbili.’ Nikamuuliza, zote shufwa? Akaenda kufunga begi.”

Anaisimulia kama kichekesho. Mkono wake, hata hivyo, unakunja na kukunjua ncha ya kanga mpaka mwisho wa hadithi.

Hospitali walimpima Mfaume, wakakuta malaria na damu imeshuka. Kuhusu maji yale, daktari alisikiliza, akauliza kiasi, akapima alichoweza kupima, na kusema kwamba haoni dalili ya sumu lakini mtoto abaki aangaliwe. Akalazwa. Ilikuwa wakati muuguzi anatafuta mshipa ndipo akakamata kitu shingoni mwa mtoto, kitambaa cheusi kilichoshonwa mraba, akataka kukikata.

“Usikate!” Bi Fauzia aliruka. “Hicho ndicho kilichobaki cha ukuta!”

Moza aliyekuwa ameegemea mlango alisimama wima.

Kumbe siku ile, kabla hajauosha ukuta, Bi Fauzia alinakili. Alichana karatasi ya daftari, akaandika kadiri karatasi ilivyotosha, akakunja, akashona hirizi. Mwalimu wa hirizi angemtaka asafiri, na Daktari alikuwa ukuta kwa ukuta.

“Ulinakili mraba gani?” Moza aliuliza.

“Ule mkubwa wa katikati. Uliokuwa ukiutazama sana.”

“Nipe niuone. Dakika moja. Nitakushonea tena kwa mkono wangu.”

Bi Fauzia alimtazama, kisha akamtazama mtoto aliyelala mdomo wazi, chupa ya dawa inadondoka tone kwa tone.

“Mtoto ana homa, Daktari. Hirizi haifunguliwi mtu akiwa kitandani. Akiinuka, tutaongea. Asipoinuka, itakufaa nini?”

Muuguzi akaiacha. Zilibaki siku kumi na mbili kufika mwisho wa mwezi.

Wanawake wale wawili walikaa kwenye benchi moja siku tatu, wakipokezana na Veronika kati ya wodi na nyumbani kwa Bi Salima. Siku ya kwanza hawakuzungumza. Siku ya pili Bi Fauzia, ambaye hajazoea kukaa na mtu kimya hata kama ni adui, alishindwa.

“Hivi ile miraba ni ya nini hasa?”

Moza alimweleza kwa harusi. Chukua wanawake saba, shughuli ya siku saba, na kazi saba: kupika, kuteka maji, kupokea wageni, na kadhalika. Kila siku kila mwanamke ana kazi yake, na wiki ikiisha kila mmoja amezipitia zote. Sasa aje mpiga picha. Kila siku apige picha moja, ya mwanamke mmoja akiwa kazini. Mwisho wa wiki awe na wanawake wote saba, na kazi zote saba, hakuna kilichojirudia.

“Si atapanga tu?”

“Wakiwa saba, ndiyo. Wakiwa sita, kuna harusi ambazo hata apange vipi hapati.”

“Kwa nini?”

“Sita ni shufwa. Shufwa wakati mwingine zinagoma. Witiri, kila tuliyoijaribu, imekubali. Lakini kwamba witiri zote zitakubali mpaka mwisho wa dunia, hakuna aliyethibitisha. Mimi nina kundi moja tu la harusi hizo ninalotaka kulithibitisha. Moja.”

Bi Fauzia alihesabu kwa vidole mpaka saba.

“Na ukithibitisha?”

“Nitakuwa nimejua.”

“Basi?”

“Basi.”

“Mmh,” alisema Bi Fauzia. “Na mimi nikadhani unatuficha kitu kikubwa.” Kisha, kwa sauti ambayo aliyekaa karibu tu angesikia, akaongeza: “Wewe dada unatia huruma.”

Alasiri hiyo Bi Fauzia alikwenda kuswali. Moza akabaki peke yake na mtoto. Hirizi ilikuwa imelala kwenye shimo la koo, inapanda na kushuka. Kwenye mkoba alikuwa na sindano na mkasi mdogo wa kucha.

“Niliishika,” anasema, na hapa hamtazami mtu. “Niliihesabu mishono yake. Kumi na minane. Nikajiambia mishono minne inatosha, nitaichungulia, nitairudisha, hakuna atakayejua. Miaka kumi na moja, unaelewa? Yule mtoto akafumbua macho, akasema, ‘Bibi?’ Nikasema, ‘Bibi anakuja.’ Nikairudisha palepale.”

Alikaa akaangalia dirisha mpaka Bi Fauzia aliporudi, na hakumwambia.

Alhamisi homa ilikatika. Jioni Mfaume aliruhusiwa, vidonge vyote mkononi mwa bibi yake, na Veronika ameapa kuvihesabu kila siku.

Ijumaa, baada ya sala. Siku ya kunakili, lakini ukutani hakuna cha kunakili. Moza ametandika mkeka barazani, amemwegemeza mama yake kwenye lile koti la Uswidi, na amepakua ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi. Kwa siku nane zilizobaki hana mpango. Anasema huenda akawaandikia watu wa jarida kwamba ameshindwa, kwa ustaarabu, kabla hawajamwandikia wao.

Bi Fauzia anatokea kwenye mlango wa ua. Haingii. Tangu ukuta uoshwe hajavuka kizingiti hiki, wala sahani ya kitu haijavuka kwenda wala kuja, nyumba ambazo zamani zilikuwa zikipokezana hata chumvi. Kwa mkono mmoja amemshika Mfaume, anayetembea. Kwa mkono mwingine ana hirizi.

“Nimeifumua mwenyewe,” anasema. “Sikutaka mtu mwingine aifumue.”

Moza anapokea karatasi kwa vidole viwili. Imeiva kwa jasho, kingo zimelainika kama kitambaa, lakini wino umesimama. Mistari mitano. Ilitakiwa tisa.

“Karatasi iliisha,” anasema Bi Fauzia.

Moza anasoma. Uso wake unachangamka, kisha unasawijika.

“Mbona hakuna chumba kitupu? Niliacha vyumba vitupu. Kila mstari kimoja.”

“Ah, vile? Vile nilivijaza.” Bi Fauzia anaona jinsi anavyotazamwa na anajitetea haraka. “Hirizi haiachwi na upungufu, Daktari! Ikiwa na mwanya, shetani anapita wapi? Niliona umesahau. Nikakusaidia.”

“Ulijaza nini?”

“Saba. Saba ni nzuri.”

Pale nyuma, Veronika aliyeingia kwa sababu zake anajiziba mdomo kwa kanga. Moza hacheki. Anaketi kwenye kizingiti, karatasi juu ya goti, na kidole chake kinaanza kutembea. Mstari wa kwanza una saba mbili. Wa pili, mbili. Wa tatu. Wa nne. Wa tano. Katika kila mstari saba moja ni yake, na moja ni ya Bi Fauzia, na hakuna njia ya kuzijua kwa kuzitazama.

Kuku wanasogea mpaka miguuni pake.

“Mistari mitano,” anasema hatimaye, “na kila mstari saba mbili. Njia thelathini na mbili. Nyingine zitajikataa zenyewe, maana saba haziwezi kusimama chini ya saba nyingine. Zilizobaki nitazijaribu moja moja.”

“Na ile mistari minne?”

“Ile imekwenda.”

“Kwa hiyo utapata, hutapata?”

“Sijui. Huu mraba si uthibitisho, Bi Fauzia. Ni pale tu nilipokuwa nimesimama nilipouona. Nitarudi nisimame hapo tena, nione kama bado upo. Nina siku nane.” Anaikunja karatasi kwa mikunjo ile ile iliyokuwa nayo. “Safari hii naandika kwenye daftari kwanza.”

“Na ukuta?”

“Ukuta nitaupiga chokaa.”

Bi Fauzia anaitikia kwa kichwa. Hajui aondoke au abaki, na mtu wa pwani mbele ya chakula kilichopakuliwa hawezi kujisingizia kwamba hajakiona. Anarekebisha ushungi. Anamvuta Mfaume, ambaye macho yake yako kwenye kisamvu.

“Haya, sisi tulikuwa tunapita tu,” anasema.

“Karibu,” anasema Bi Salima kutoka mkekani.

Ni moja ya maneno yake matatu, na huwa analitoa kwa kuku, kwa upepo, kwa redio. Lakini leo mkono wake mmoja umeinuka, na unaonyesha mlangoni.

Moza anasogea kwenye kizingiti, nafasi ya watu wawili.

“Umemsikia mwenye nyumba,” anasema. “Vua viatu, Bi Fauzia. Ingia ule.”